Uzi wa Matplotlib: umebadilisha mpangilio, grafu haijabadilika. Tuanzie hapa

#1 kipimapembe (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali la Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, linalorudi humu kila mara kwa sura tofauti. "Nimeongeza ukubwa wa herufi, mbona ziko vilevile?" "Nimeweka fonti niliyoagizwa, mbona inatoka nyingine?" "Kwenye skrini iko safi, nikiihifadhi inakatwa pembeni." Muulizaji hurushiwa mstari mmoja wa msimbo anakili. Mstari ukifanya kazi anashukuru na kuondoka, ukikataa anarushiwa mwingine. Nimeona tuliweke suala zima kwenye uzi mmoja.

Dai langu: mara nyingi mpangilio wako uko sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba umefika umechelewa, au umefika mapema kisha kuna kitu kikapita nyuma yako kikaufuta. Kabla ya kutafuta amri nyingine, jiulize thamani hiyo inasomwa wakati gani, na nani anaigusa baada yako.

Tuanze na rcParams, yaani kamusi ya mipangilio ya jumla ya Matplotlib, kwa sababu ndiko wengi wanakokwama.

```
fig, ax = plt.subplots()
plt.rcParams['axes.labelsize'] = 16
ax.set_xlabel('Muda (s)')
```

Unategemea lebo ya mhimili iwe na pointi 16. Haitakuwa, na hutaona kosa lolote likiripotiwa. Ukubwa wa lebo ulishasomwa pale plt.subplots() ilipounda ax (eneo la grafu lenye mihimili), na rcParams haivifuati vitu vilivyokwisha kuundwa. Ni sawa na kumpa fundi vipimo vipya wakati nguo imeshashonwa: atavipokea, ila vitatumika kwenye nguo ijayo. Ndiyo maana ukiendesha seli ileile mara ya pili kwenye Jupyter inakubali ghafla, nawe unabaki unajiuliza umegusa nini. Hujagusa kitu. Safari hii thamani ilikuwepo kabla ax haijaundwa.

Kila familia ina saa yake. Zinazoanza na figure. husomwa wakati wa kuunda picha nzima. Za axes., xtick. na ytick. husomwa ax inapoundwa. Za lines. husomwa mstari unapochorwa, za legend. ufunguo unapowekwa, na za savefig. husubiri mpaka unapohifadhi. Kwa hiyo rcParams zote ziwe juu kabisa, mara baada ya kuita maktaba. Ikiwa ax imeshaundwa, achana na rcParams, kashughulike na kitu chenyewe: ax.xaxis.label.set_size(16), ax.tick_params(labelsize=12).

Sasa wafutaji. Huyu ndiye namchukia kuliko wote:

```
ax.yaxis.set_major_formatter(umbizo)
ax.set_yscale('log')
```

Mstari wa pili unafuta wa kwanza. Ukibadilisha skeli, mhimili unapewa upya kipanga-alama na kiandika-namba vya skeli hiyo, na ulichokiweka kinatupwa kimyakimya. Geuza mistari hiyo miwili, tatizo limekwisha. Nimewahi kuona watu wanaandika kiandika-namba chao kutoka mwanzo kwa hasira, wakati walichohitaji ni kupandisha mstari mmoja juu.

Mfutaji wa pili ni ax.clear(). Anayetengeneza grafu zinazotembea huliita kwenye kila fremu, kisha analalamika kwamba vichwa, gridi na mipaka ya mhimili vinapotea kuanzia fremu ya pili. Lazima vipotee, amri hiyo inasafisha kila kitu. Ama uviweke tena ndani ya kila fremu, ama uache kusafisha na ubadilishe data peke yake kwa mstari.set_data(x, y). Hiyo njia ya pili pia ni nyepesi kwa kompyuta.

Wa tatu ni sns.set_theme() ya Seaborn, maktaba ya grafu iliyojengwa juu ya Matplotlib. Inaandika upya rundo zima la rcParams, kwa hiyo zako ziwekwe baada yake. Na ukitumia relplot, displot au catplot, usihangaike na plt.figure(figsize=...) juu yake. Hizo hufungua picha yao wenyewe na kuiacha yako ikiwa tupu. Ukubwa wake unawekwa kwa height na aspect.

Halafu ukubwa. Hapa naomba utulivu, maana ndipo picha nyingi za makala zinapoharibikia.

figsize iko kwa inchi. Fonti na unene wa mistari viko kwa pointi, na inchi moja ina pointi 72. dpi inaamua tu inchi moja ipate pikseli ngapi. Sasa mtu anataka picha "kubwa", anaweka figsize=(12, 8) na fonti anaiacha kwenye chaguomsingi, yaani pointi 10. Kwenye skrini inapendeza. Kisha anaiingiza kwenye safu moja ya jarida. Nature, kwa mfano, safu moja ni milimita 89, kama inchi 3.5. Picha ya inchi 12 imebanwa kuwa 3.5, na herufi za pointi 10 zimebanwa nayo hadi chini ya pointi 3. Mhakiki anasema hazisomeki. Mwandishi anapandisha dpi kutoka 300 hadi 600 na kutuma tena. Bado hazisomeki, kwa sababu ameongeza pikseli, na uwiano wa herufi na picha uko palepale.

Dawa ni kuchora kwa ukubwa halisi tangu mwanzo: figsize=(3.5, 2.6), fonti pointi 7 au 8, kisha picha iingizwe bila kubanwa wala kuvutwa. Kwa dpi 100 itaonekana kadogo kwenye skrini, upana pikseli 350 tu. Usikubali hilo likurudishe kwenye inchi 12. Pandisha figure.dpi hadi 200 kwa ajili ya kutazama, inchi ziache zilivyo.

Na hapohapo kuna mtego wa bbox_inches='tight'. Kila mtu anaipendekeza kwa sababu inaokoa lebo zilizokatwa. Inaziokoa kweli, ila inafanya hivyo kwa kupima upya mipaka ya picha wakati wa kuhifadhi. Ulisema inchi 3.5, faili linatoka na 3.3, au 3.8 kama ufunguo umetokeza nje. Ukiwa na picha sita kwenye makala, zote zikavutwa zienee upana wa safu, kila moja itakuwa na herufi za ukubwa wake. Kama vipimo ni muhimu, tumia plt.subplots(layout='constrained'), iko tangu toleo la 3.5. Hiyo inapanga vitu ndani ya ukubwa uliotaja, haiubadilishi.

Karibuni. Leteni mliyokwama nayo, ila mje na toleo lenu (matplotlib.__version__) na kipande kifupi cha msimbo chenye data ya kubuni. Picha ya skrini peke yake hainisaidii.

#2 mstari_mnyoofu

Mkuu hapo kwenye inchi 12 umenifungua macho. Swali langu ni fonti. Naweka font.family = 'Times New Roman', kwenye laptop inakubali, kwenye seva inaniambia "findfont: Font family 'Times New Roman' not found" na inaendelea na fonti yake. Faili la .ttf nimeshalinakili kwenye seva lakini wapi.

#3 kipimapembe

Kunakili faili hakutoshi, Matplotlib haichunguzi folda zako kila inapoanza. Ina orodha ya fonti iliyoihifadhi kwenye kache na inasoma hiyo. Njia safi ni kuitambulisha fonti ndani ya msimbo:

```
from matplotlib import font_manager as fm
njia = 'fonti/times.ttf'
fm.fontManager.addfont(njia)
plt.rcParams['font.family'] = fm.FontProperties(fname=njia).get_name()
```

Huo mstari wa mwisho una sababu yake. Jina la fonti na jina la faili ni vitu viwili tofauti, na wengi wanaandika jina la faili. Mwache get_name() akuambie.

Kama uliisakinisha kwenye mfumo mzima na bado haionekani, matplotlib.get_cachedir() itakuonyesha folda ya kache. Futa humo faili linaloanza na fontlist, kisha anzisha Python upya. Onyo hilo la findfont pia usilizoee. Linamaanisha picha yako imetoka na DejaVu Sans, na mhakiki ataliona kabla yako.

#4 mstari_mnyoofu

Imekubali mkuu, shukrani sana. Ila sasa maandishi yote ni Times, namba na alama zilizo kati ya $ na $ bado zina sura ya zamani. Halafu kwenye mhimili, badala ya alama ya kutoa, kuna fonti nyingine nimejaribu inaweka kiboksi.

#5 nukta_tatu

Namjibia huyu. Hisabati ina fonti zake pembeni, haifuati font.family. Weka mathtext.fontset iwe 'stix', inakaribiana sana na Times. Hicho kiboksi kinatokea kwa sababu Matplotlib inatumia alama halisi ya kutoa ya Unicode, U+2212, na fonti yako haina umbo lake. Weka axes.unicode_minus iwe False, itatumia kistari cha kawaida.

#6 kipimapembe

Sahihi kabisa #5. Kuna watakaokuambia washa text.usetex umalize kila kitu. Inafanya kazi, lakini inahitaji LaTeX kamili, programu ya kupanga maandishi ya kisayansi, iwepo kwenye mashine, inachora polepole, na kosa moja dogo kwenye lebo linakuletea kurasa za malalamiko ya LaTeX. Binafsi siigusi mpaka nihitaji kifurushi cha LaTeX ambacho mathtext, kiandika-hisabati cha Matplotlib yenyewe, haina.

#7 data_mbichi

Wakuu mimi nina data ya kila mwezi ya mwaka 2023. Nachora pau kwa df.plot.bar(ax=ax), kisha naweka mdates.DateFormatter('%b %Y') ili isomeke vizuri. Mhimili wote unaniandikia Jan 1970! Data nimeikagua mara tatu, hakuna 1970 humo.

#8 kipimapembe

Data yako haina kosa. Kwa pau, pandas (maktaba ya majedwali inayoshika df yako) haitumii tarehe kama mahali pa kuchora. Inaziweka pau kwenye 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kisha inabandika maandishi juu yake. Wewe ukaja na DateFormatter, ikazisoma hizo 0, 1, 2 kama siku. Tangu toleo la 3.3, siku ya sifuri ya Matplotlib ni tarehe 1 Januari 1970. Pau zako 12 zimekuwa siku 12 za kwanza za Januari ile.

Chora moja kwa moja: ax.bar(df.index, df['kiasi'], width=20), kisha DateFormatter yako. Hapo width ni siku, ukiiacha 0.8 ya kawaida utapata sindano badala ya pau. Kwa mistari, df.plot() nayo ina namna yake ya kuhesabu tarehe; ongeza x_compat=True kabla ya kutumia mdates.

#9 data_mbichi

Daaah. Width=20 ndiyo ilikuwa inanimaliza, nilishajaribu ax.bar nikaona nyuzi nikarudi nyuma. Asante sana mkuu.

#10 mzee_wa_jedwali

Mnajitesa bure vijana. Excel inachora haya yote kwa kubofya.

#11 nukta_tatu

Mzee, ukiwa na picha 40 na mhakiki akataka zote zibadilishwe rangi, njoo utuambie umebofya mara ngapi.

#12 kona_ya_pili

Mimi nina vijigrafu vinne kwa plt.subplots(2, 2). Nikiandika plt.title('Jotoridi') kichwa kinakwenda kwenye kile cha mwisho tu, chini kulia. plt.xticks(rotation=45) nayo vivyo hivyo.

#13 kipimapembe

Hapa historia inasaidia. John Hunter, mtafiti wa elimu ya neva, alipoitoa Matplotlib mwaka 2003 alitaka watu waliozoea MATLAB wahamie Python bila tabu. Ndiyo maana kuna plt inayofanya kazi kwa kukumbuka "grafu ya sasa", na kuna njia ya vitu vyenyewe, fig na ax. Zote mbili zimebaki hadi leo, na mifano mingi mtandaoni inazichanganya ndani ya ukurasa mmoja.

Ukishaita subplots(2, 2), "grafu ya sasa" ni iliyoundwa mwisho. plt.title inakwenda huko. Tumia axs[0, 0].set_title('Jotoridi') na axs[0, 0].tick_params(axis='x', rotation=45). Kwa msimbo wowote wenye grafu zaidi ya moja, plt ibaki kwa subplots, show na kazi chache za jumla. Kichwa cha picha nzima ni fig.suptitle.

#14 vipimo_vyangu

Napima shinikizo la hewa, thamani ziko kati ya 101320 na 101330 Pa. Mhimili unaandika 20, 22, 24... halafu juu pembeni kuna +1.013e5. Msimamizi wangu ameuliza hewa gani hii yenye paskali 20.

#15 kipimapembe

Hahaha, msimamizi ana haki. Matplotlib imetoa 101300 kwenye kila namba ili kubana nafasi, na imeiandika kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyatazama. Zima:

```
ax.ticklabel_format(axis='y', useOffset=False, style='plain')
```

Au kwa picha zote, axes.formatter.useoffset iwe False kwenye rcParams. Mimi huizima daima. Usiichanganye na 1e6 inayotokea bila alama ya kujumlisha: hiyo ni kizidishio, na ndiyo inayoondolewa na style='plain'.

#16 kona_ya_pili

Nyongeza ya haraka: gridi inapita juu ya pau zangu, na juu ya nukta za scatter pia, lakini mistari ya plot iko salama. Kwa nini inachagua?

#17 nukta_tatu

Ni zorder, namba inayoamua nani achorwe juu ya nani. Pau na nukta za scatter ziko 1, mistari iko 2, maandishi 3. Gridi kwa chaguomsingi inakaa 1.5, katikati. ax.set_axisbelow(True) inaishusha chini ya vyote. Ukitaka scatter ionekane juu ya mstari, ipe zorder=3 wewe mwenyewe, hata ukiichora mwisho haitapanda yenyewe.

#18 msimbo_wa_kurithi

Nimerithi msimbo wa mtu aliyehitimu. Mstari wa kwanza, plt.style.use('seaborn-whitegrid'), unakataa. Nimeufuta, sasa plt.cm.get_cmap('jet') nayo inakataa. Nirudishe toleo la zamani?

#19 kipimapembe

Kama unataka kurudia matokeo yaleyale kabla ya kugusa chochote, ndiyo, tengeneza mazingira ya pembeni yenye toleo la zamani. Kama unataka kuendelea nao, rekebisha, ni mistari michache. Mitindo ya seaborn ilibadilishwa majina kwenye 3.6: sasa ni 'seaborn-v0_8-whitegrid'. get_cmap ya kwenye moduli ya cm iliondolewa kwenye 3.9. Tumia matplotlib.colormaps['jet'].

Ukishafika hapo, ondoa jet yenyewe, hiyo skeli ya rangi. Mng'ao wake unapanda na kushuka katikati ya skeli, na jicho linaona mipaka ambayo kwenye data haipo. Ndiyo sababu toleo la 2.0, Januari 2017, liliiacha na kuweka viridis kuwa chaguomsingi. Viridis inang'aa kwa mpangilio mmoja kutoka giza hadi mwanga, hata ukichapisha bila rangi inasomeka. Kama data yako ina pande mbili kuzunguka sifuri, chukua 'RdBu_r' na ulazimishe sifuri ikae katikati kwa TwoSlopeNorm(vcenter=0), la sivyo rangi nyeupe itaangukia popote.

#20 msimbo_wa_kurithi

Imekaa sawa. Lakini kuna jambo la ajabu: msimbo huohuo nikiuendesha ndani ya folda yake, mistari inatoka minene na fonti kubwa. Nikiuendesha kutoka folda nyingine, inatoka kawaida. Msimbo ni uleule, mashine ni ileile.

#21 nukta_tatu

Print matplotlib.matplotlib_fname() kutoka folda zote mbili utuletee.

#22 msimbo_wa_kurithi

Majibu ni tofauti. Ya kwanza inaishia ndani ya folda ya mradi, kuna faili linaitwa matplotlibrc. Sikuwahi kuliona.

#23 kipimapembe

Ndilo hilo. Matplotlib huanza kutafuta faili la mipangilio kwenye folda unayofanyia kazi, ndipo iende kwenye folda yako ya mtumiaji na hatimaye kwenye lililokuja na maktaba. Usilifute, huenda ndilo lililotengeneza picha zote za makala iliyotangulia. Lihamishie kwenye faili la mtindo, mtindo_makala.mplstyle, kisha uliite waziwazi kwa plt.style.use('./mtindo_makala.mplstyle'), ili atakayekuja baada yako alione kwenye mstari wa kwanza. Rangi humo ziandikwe bila alama ya reli (#), yaani 1f77b4, kwa kuwa alama hiyo ndani ya mafaili haya inaanzisha maelezo na kinachofuata hakisomwi.

#24 mstari_mnyoofu

Samahani narudi tena mkuu. Jarida limerudisha PDF zangu, wanasema hawapokei fonti za Type 3.

#25 kipimapembe

pdf.fonttype, inayoamua aina ya fonti inayopachikwa kwenye PDF, iwe 42, na ps.fonttype vilevile kama unatuma EPS. Chaguomsingi ni 3. Hizi husomwa wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo huna haja ya kuchora upya kwa mpangilio tofauti, weka juu ya msimbo na uhifadhi tena. Kisha endesha pdffonts kwenye faili uone orodha kabla hujatuma.